Bastola Mbili za Bei Moja

Msomaji atatuwia radhi kwamba nchi yenyewe haitatajwa. Jina lake lilikuwa siri ya serikali, na raia aliyetaka kulitamka alipaswa kuomba kibali siku saba kabla. Ilikuwa nchi nzuri, yenye mvua za kutosha na kamati za kutosha. Kiongozi wake alikuwa Mtukufu Jemadari Mbwembwe, mlenga shabaha hodari kuliko wote waliopata kuzaliwa. Hilo lilijulikana na kila mtu kwa sababu liliandikwa gazetini kila Jumatatu.

Aliyezijua shabaha za Jemadari kuliko gazeti ni Asumini Kibwana, fundi na mtunza ghala la silaha katika Uwanja wa Shabaha wa Taifa. Kila Jumapili, kabla Jemadari hajafika, Asumini alikwenda nyuma ya tuta na msumari wa inchi nne, akatoboa matundu sita katikati kabisa ya karatasi ya shabaha. Kisha matokeo yalisomwa, umati ukapiga makofi, na mwisho wa yote Jemadari akafyatua. Utaratibu huo uliitwa kuokoa muda. Jemadari mwenyewe hakuwahi kuambiwa habari za msumari, na nani angemwambia? Risasi zake zilikwenda zinakojua zenyewe, na Asumini akarudi ghalani kuosha mikono.

Kazi hiyo aliirithi kwa baba yake, ingawa baba yake hakuifanya hata siku moja.

Miaka saba nyuma fundi wa uwanja alikuwa Mzee Kibwana. Siku ya Sherehe ya Taifa ofisa wa msumari alishikwa na tumbo la kuendesha, na mzee akaamriwa ashike nafasi yake. Akakataa. Alisema kazi yake ni kutengeneza bastola, na matundu ayatengeneze anayefyatua. Basi Jemadari akafyatua risasi sita mbele ya mabalozi kwenye karatasi isiyoguswa na mtu. Tano zilipotelea hewani, na ya sita ikamuua ng'ombe wa karamu aliyekuwa amefungwa ng'ambo ya uwanja. Redio ilitangaza kwamba ng'ombe ndiye aliyelengwa. Hilo likamaliza habari ya risasi moja, lakini zilibaki tano, na kwa hizo tano lazima apatikane mwenye kosa.

Bastola haiwezi kufungwa jela, kwa hiyo alifungwa fundi. Wiki iliyofuata Bunge lilipitisha Sheria ya Kosa, ambayo ilianza kutumika wiki mbili kabla ya kupitishwa. Ilikuwa na kifungu kimoja tu, na watoto wa shule walikikariri: "Jambo la taifa likiharibika, mwenye kosa ni yule asiye na Hati ya Kutokuwa na Kosa iliyotolewa kabla ya jambo kuharibika." Mzee Kibwana hakuwa na hati, maana hati zilikuwa hazijabuniwa. Hakimu alimwambia hicho si kisingizio.

Walimchukua asubuhi. Mchana wa siku ileile wakamletea Asumini funguo za ghala, kwa sababu hapakuwa na mtu mwingine nchini aliyejua kutengeneza bastola. Mzee alikaa miaka sita katika chumba kisicho na dirisha. Alipotoka, macho yale yaliyokuwa yakiona mtutu uliopinda unene wa unywele yalikuwa yanatambua mchana na giza tu, na siku za mawingu alibahatisha. Asumini alimpokea langoni akamshika mkono. Alimchukia Jemadari kwa chuki tulivu, isiyo na pupa, chuki ya mtu aliyejua kwamba siku moja zamu yake itafika.

*

Zamu ikafika kwa bahasha. Nchi mbili za jirani zilimwalika Jemadari kugombea Kombe la Ujirani: viongozi watatu, risasi sita kila mmoja, umbali wa hatua ishirini na tano. Mashindano yangefanyika katika nchi hii hii. Sharti lilikuwa moja, kwamba waamuzi watoke ng'ambo na matokeo yasomwe baada ya kufyatua.

Washauri waliposikia neno "baada" walikaribia kuzimia. Jemadari akasaini papo hapo. Yeye naye alisoma gazeti kila Jumatatu.

Ikabidi inunuliwe bastola mpya. Kazi hiyo ilikabidhiwa Kamati ya Manunuzi chini ya Katibu Mkuu, Bwana Mihuri, mtu mnene mwenye sauti laini ambaye hakuwahi kusema ndiyo wala hapana tangu ateuliwe. Wafanyabiashara wawili wakaleta kila mmoja bastola yake, zile za silinda inayozunguka na kumeza risasi sita. Kanuni ya manunuzi ilisema inunuliwe ya bei nafuu. Bei zikafanana.

"Hili ni jambo zito," alisema Bwana Mihuri. "Kanuni haikulitegemea."

Kamati ilikaa siku nne ikitafuta nafuu iliyojificha. Siku ya tano iliwaandikia wafanyabiashara kuwaomba, kwa heshima na taadhima, mmoja wao apandishe bei ili mwenzake ashinde. Kila mmoja akafikiri hiyo ni rushwa anayoruhusiwa, akapandisha, na wote wawili wakapandisha sawasawa. Hapo ndipo Bwana Mihuri alipokumbuka kwamba serikali ina fundi.

Asumini alikuta bastola mbili juu ya kitambaa cha kijani. Ya kwanza iliitwa Malkia. Ilikuwa fupi, imepakwa dhahabu, imechorwa tausi ubavuni, na mpini wake ulimetameta rangi ya maziwa. Ya pili haikuwa na jina. Ilikuwa nyeusi, nzito, mtutu wake mrefu, na mpini wake mbao kavu isiyo na rangi.

"Fundi," alisema Bwana Mihuri, "kamati haikuulizi ipi ni bora. Kamati inakuuliza ipi kamati ingekuwa imeichagua kama ingekuwa imechagua."

"Nitahitaji kuzijaribu, Bwana Katibu."

"Kuzijaribu vipi?"

"Kwa kupiga risasi."

Wajumbe wakatazamana. Wazo hilo halikuwamo kwenye ajenda, ila waliliruhusu chini ya mengineyo.

Alifunga kila bastola kwenye mbao zenye mifuko ya mchanga ili mkono wa mtu usihusike, akapiga risasi sita kwa kila moja kutoka hatua ishirini na tano. Matundu ya Malkia yalitapakaa upana wa sinia. Ya ile nyeusi aliyafunika yote sita kwa kizibo cha soda. Alisimama mbele ya karatasi hizo mbili muda mrefu, na kwa mara ya kwanza baada ya miaka saba akajisikia kutabasamu.

*

Kanuni ilikataza sampuli kubaki ofisini baada ya saa tisa, zisije zikaibiwa na kamati. Kwa hiyo Asumini alikwenda nazo nyumbani. Mzee Kibwana alikuwa amekaa ukumbini anachambua maharage kwa vidole. Alisukuma ungo pembeni, akapokea bastola moja baada ya nyingine, akazisoma kwa mikono.

"Hii fupi silinda inacheza," alisema. "Shika utikise, utasikia. Tundu la risasi halitazamani sawasawa na mtutu. Na kuvuta kwake kuzito, kidole kinakokota mkono wote." Akashika ile nyeusi, akavuta nyundo taratibu, akabana kifyatulio. Kililia tak, kikavu. "Eeh! Hii ndiyo bastola. Uzito huu unatuliza mkono, na mtutu ukiwa mrefu hivi kinundu cha mbele cha kulengea kinakaa mbali na cha nyuma, hata kosa dogo la mkono unaliona kabla hujafyatua. Sema, unampa ipi?"

"Nilifikiri Malkia, baba. Aadhirike vizuri."

Mzee akacheka, kicheko kikavu cha mtu aliyekuwa hajacheka siku nyingi.

"Ukimpa mbovu umempa wakili, mwanangu. Atasimama mbele za watu aseme bastola ndiyo iliyokosea. Na bastola ikikosea, nani anakwenda ndani?"

Asumini alimtazama. Jibu lilikuwa limekaa mbele yake na ungo wa maharage.

"Mpe nzuri kuliko zote walizopata kuziunda," alisema mzee. "Ibaki yeye na mkono wake."

*

Kesho yake Asumini aliingia kwenye kamati na mizani ya buchani. Hakusema neno juu ya silinda wala kifyatulio. Aliweka Malkia upande mmoja na ile nyeusi upande wa pili, na upande wa nyeusi ukashuka mpaka ukagonga meza.

"Waheshimiwa," alisema, "bei ni moja, lakini hii ina chuma kingi zaidi. Taifa likinunua hii linapata chuma cha ziada bure."

Wajumbe wakapiga meza kwa furaha. Mmoja alitokwa na machozi akisema ameishi kuona uchumi ukifanya kazi.

Jemadari ndiye aliyekuwa mgumu. Alipoletewa zote mbili aliibeba Malkia mbele ya kioo, akiilinganisha na nishani zake.

"Hii inanikaa," alisema.

"Inakukaa sana, Mtukufu," alisema Asumini akiinamisha kichwa. "Imetengenezwa kwa ajili ya mabwana wasiojiamini. Watu wakitazama dhahabu hawatazami shabaha. Hii nyeusi wanaiogopa, maana haimsaidii mtu. Haitaki mlengaji mwenye mashaka."

Jemadari akairusha Malkia kitandani kama soksi chafu.

"Andika," alimwambia Bwana Mihuri. "Andika kwamba nimeichagua hii nyeusi mwenyewe, kwa mkono wangu, na asiwepo mtu wa kudai kwamba alinisaidia."

Ikaandikwa. Ikapigwa mihuri minne.

Lilibaki jambo moja, na hilo Asumini alilifanya mchana kweupe mbele ya ofisi nzima. Alikwenda dirishani kwa Bwana Mihuri akaomba Hati ya Kutokuwa na Kosa.

"Ya nini?" aliuliza Bwana Mihuri. "Mtukufu hajawahi kukosa shabaha. Unaogopa nini?"

"Siogopi kitu, Bwana Katibu. Hata baba yangu hakuogopa."

Mashine za kuchapa zikasimama. Bwana Mihuri alimpigia muhuri mwanamke yule hati yake, akakaa kidogo, kisha akajipigia na yeye. Karani wa jirani akaomba. Kufika saa ya chakula foleni ilikuwa imetoka mlangoni, imezunguka posta na kurudi. Wajumbe wa kamati walichukua hati. Wapiga tarumbeta walichukua. Idara ya Hali ya Hewa ilichukulia upepo hati, na jua nalo, kwa tahadhari. Walinzi wa Jemadari walichukua. Bastola ilichukuliwa hati, risasi zake sita kila moja ya kwake, karatasi ya shabaha, meza, na ng'ombe wa karamu ya safari hii, ambaye hati yake ilifungwa shingoni kwa kamba. Wananchi walikuja kwa malori kutoka mikoani. Katika wiki tatu hapakubaki kiumbe nchini asiyekuwa nayo.

Alibaki mmoja. Karani mmoja mwenye bidii alijaza fomu ya Jemadari akaileta isainiwe. Bwana Mihuri alipoisoma macho yakamgeuka mekundu.

"Unataka kusema Mtukufu anaweza kuwa na kosa?"

"Hapana, mzee! Hati inasema hana."

"Na kwa nini iseme? Nani amedai analo?"

Karani akaamriwa aitafune fomu ile palepale, naye akaitafuna na kuimeza pamoja na nakala zake mbili. Asumini alikuwa amekaa kwenye benchi akisubiri kusainiwa mafuta ya kusafishia bunduki. Aliona yote. Alijua kwamba hakuna mwingine atakayethubutu kumwombea Jemadari hati.

*

Siku ya Kombe uwanja ulijaa toka asubuhi. Marais wawili wa jirani walipiga kwanza, wazee wa watu, mmoja akapata tatu na mwingine nne, wakakaa chini wakijifuta jasho. Akasimama Jemadari. Tangazo la Wizara ya Shangwe lilitaka makofi kabla, basi yakapigwa makofi ya dakika kumi.

Akainua ile nyeusi. Mwamuzi mkuu kutoka ng'ambo, mwanamke mfupi aitwaye Bi. Tindwa, alikuwa na darubini jichoni. Risasi sita zikalia.

"Sufuri," alisema Bi. Tindwa kwenye kipaza sauti. "Ipo moja imeingia kwenye karatasi ya Mheshimiwa jirani. Hiyo haihesabiwi kwa yeyote."

Uwanja ulitulia hivi kwamba ng'ombe alisikika akicheua. Jemadari aligeuka polepole, uso umemvimba.

"Bastola mbovu!" alinguruma. "Nimehujumiwa! Fundi yuko wapi?"

Asumini akajitokeza na hati yake mkononi. Akaweka mezani hati ya bastola, za risasi, ya upepo, ya jua. Bi. Tindwa akazitazama hati hizo kwa mshangao wa mgeni, akasema kwamba kwao karatasi si ushahidi. Kanuni za Kombe ziliruhusu silaha inayolalamikiwa ijaribiwe na mtu wa tatu. Je, yupo anayejua kulenga?

Watu wote wakamtazama Asumini, mtu aliyejaribu kila bastola ya uwanja ule kwa miaka saba. Jemadari naye akamtazama, na kwa mara ya kwanza machoni mwake mlikuwa na kitu kinachofanana na ombi.

Wakati anajaza silinda, Bwana Mihuri alimsogelea akamnong'oneza kwa ile sauti laini.

"Binti Kibwana, kosa hata risasi mbili tu. Kesho redio itatangaza kwamba baba yako hakuwa na hatia. Nitaiandika mwenyewe. Ukizipiga zote, chumba chake bado kipo, na ufunguo ninao."

Asumini alisukuma risasi ya mwisho kwenye silinda. Jina la baba yake ndilo alilokuwa akililia miaka yote hii, na sasa lilikuwa linauzwa kwa risasi mbili. Lakini alifikiri, na alivyofikiri hasira ikampanda. Akikosa, bastola itakuwa mbovu. Na ikikubalika leo kwamba kosa ni la bastola, basi na siku ile lilikuwa la bastola, na fundi alistahili. Walikuwa wanataka amhukumu baba yake mara ya pili, kwa mkono wake, mbele ya uwanja mzima, kisha wamtangaze redioni.

"Sogea kidogo, Bwana Katibu," alisema. "Unanizibia mwanga."

Aliinua bastola kwa mikono miwili, akatoa pumzi, akabana. Risasi ikalia. Akabana tena. Hakuharakisha. Mkono uliochoka kushika msumari ulitulia, na kila risasi aliipeleka alikotaka iende. Ya sita ilipolia aliifungua silinda, akaweka bastola mezani, mtutu ukitazama mchanga.

Bi. Tindwa alikaa na darubini muda mrefu, kisha akaamua kwenda kwa miguu kuhakikisha. Alirudi na karatasi mkononi. Katikati palikuwa na tundu moja lililoraruka, ambalo kidole gumba kingetosha kulifunika.

"Sita," alisema. "Silaha ni nzima."

Asumini hakusubiri aulizwe. Alimgeukia Jemadari.

"Bastola haina kosa," alisema kwa sauti iliyofika mpaka jukwaa la nyuma. "Na ile ya miaka saba iliyopita haikuwa nalo. Sasa na tufuate sheria, Mtukufu. Sheria ni yako. Jambo la taifa limeharibika. Nani hapa hana hati?"

Jukwaa la kwanza likainua hati zake juu. Kisha la pili. Kisha uwanja mzima ukawa mweupe kwa karatasi, kwa sababu kila mmoja aliogopa kuonekana hana. Wapiga tarumbeta waliinua zao. Walinzi waliinua zao. Mtu mmoja akamwinua ng'ombe kidevu ili yake ionekane. Jemadari alijipapasa mifuko ya kifuani, ya suruali, ya ndani. Nishani zililia. Hakuna kilichotoka.

"Mihuri," alisema. "Mihuri, ya kwangu iko wapi?"

Bwana Mihuri alimtazama Jemadari, akautazama umati, akaitazama hati yake mwenyewe kuona kama tarehe inasomeka. Kisha akakohoa.

"Kwa mujibu wa kifungu cha kwanza, ambacho pia ni cha mwisho," alianza, na sauti yake ilipata nguvu kadiri alivyoona kwamba hakuna anayempinga, "na kwa kuzingatia kwamba Mtukufu aliichagua silaha mwenyewe, kwa mkono wake, bila msaada wa mtu..."

Walinzi walimshika Jemadari, kila mmoja upande wake. Haukuwa ushujaa, wala hawakujidai nao. Walikuwa na karatasi na yeye hakuwa nayo. Walimpitisha mbele ya Asumini, na Asumini hakugeuza uso. Alimtazama mpaka mlango wa gari ulipofungwa, na moyo wake ukafurahi, tena ukafurahi kwelikweli.

*

Alipofika nyumbani mchana ule, baba yake alikuwa amesimama mlangoni.

"Ngapi?" aliuliza.

"Sufuri, baba."

"Na wewe?"

"Sita."

Mzee akakaa kwenye kizingiti. Akamwambia amsimulie toka mwanzo, na alipomaliza akamwambia asimulie tena, asiruke pale alipojipapasa mifuko.

Wiki moja baadaye alikuja Bwana Mihuri, sasa Kaimu Mtukufu, na fomu mkononi. Alizungumza kwa unyenyekevu mwingi. Mfungwa alikuwa analalamika giza. Aliomba atobolewe dirisha, dogo tu, upande wa mashariki. Kanuni mpya zilitaka fomu isainiwe na mtu aliyekaa katika chumba hicho kabla yake.

"Saini moja tu, mzee wangu," alisema Bwana Mihuri. "Hapa chini. Nitakushika mkono."

Mzee Kibwana akapokea karatasi. Akaipapasa pembe zote nne, akaipapasa mihuri mmoja mmoja, kwa makini kama aliyeambiwa ahakikishe. Mwisho akaikunja vizuri akamrudishia.

"Njoo kesho," alisema.

Bwana Mihuri alikuja kesho yake, akaambiwa aje kesho. Alikuja na Ijumaa, na Jumatatu, na wiki iliyofuata, na mpaka sasa bado anakuja. Asumini humtolea kiti, humkaribisha chai, na humuuliza kama foleni imemchosha.